Jina Lililokamilishwa Kabla ya Wakati: Zana za Ukamilishaji wa Majina ya Faili na Kazi ya Kunukuu Kiswahili cha Likasi

Utangulizi

Mtafiti anayenukuu mazungumzo ya Kiswahili cha Katanga hufungua na kufunga faili mara nyingi kwa siku moja. Husikiliza ukanda, huandika, huhifadhi, hufungua faili ya mzungumzaji mwingine ili alinganishe, kisha hurejea alipoachia. Katika kazi hiyo jina la faili si pambo. Aghalabu ndilo kumbukumbu pekee inayoonyesha kwamba maneno fulani yalisemwa Likasi wala si Lubumbashi, katika mwaka huu wala si ule. Jina likikosewa, ushahidi wenyewe huhama mahali pake, na msomaji wa baadaye hana njia ya kujua kwamba umehama.

Makala haya yanashughulikia chanzo kimoja cha makosa ya aina hiyo, chanzo ambacho hakizungumzwi sana kwa sababu kinaonekana kuwa msaada: zana za ukamilishaji, yaani zile sehemu za programu ambazo humalizia jina la faili kabla mwandishi hajamaliza kuliandika. Yanaeleza zinavyofanya kazi, zinavyoweza kumpotosha mtafiti wa lahaja, na namna ya kuzipita pale inapobidi bila ya kuziacha kabisa. Mfano mkuu ni kihariri matini kiitwacho Emacs, ambacho kina zana nyingi za namna hii na ambacho tabia zake zimeelezwa kwa ukamilifu katika miongozo yake. Vihariri vingine vitaguswa kwa ufupi tu.

Kwa kihariri matini inakusudiwa programu ya kuandikia matini tupu, yaani herufi zisizo na mapambo ya chapa wala mpangilio wa kurasa. Wanaisimu wana sababu njema ya kuzipenda faili za namna hiyo. Programu za kutafuta maneno katika muktadha wake huzisoma bila taabu. Shoebox, programu ya kamusi na uchanganuzi iliyotengenezwa na SIL, ilihifadhi data zake zote katika matini tupu. Ndiyo maana data zilizoandikwa kwa programu hiyo zaweza kusomwa hata leo kwa kihariri chochote.

Likasi na majina yake

Mji wa Likasi uko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, na una komini nne: Likasi yenyewe, Kikula, Panda na Shituru. Hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville, kwa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa kampuni ya Union Minière. Jimbo nalo limebadilika jina: lilikuwa Katanga, likawa Shaba katika enzi ya Zaire, likarudia Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 likagawanywa kuwa majimbo manne, Likasi ikiangukia Haut-Katanga. Mtafiti anayekusanya pamoja nukuu za vizazi viwili hukutana na majina yote haya kwenye vibandiko vya kanda, na hata vitabu vya isimu vimegawanyika: baadhi husema Kiswahili cha Shaba, vingine Kiswahili cha Katanga, vingine Kiswahili cha Lubumbashi, ilhali jambo linalozungumzwa linakaribia kuwa lile lile.

Historia ya matini za Kiswahili hiki inaonyesha jinsi kazi ya kunukuu inavyodai uangalifu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani, kwa tahajia isiyotenganisha maneno kwa utaratibu mmoja. Johannes Fabian alipoitoa matini hiyo mwaka 1990 kwa jina la History from Below, alihitaji msaada wa Kalundi Mango, ambaye aliisoma kwa sauti ili inukuliwe upya kutokana na usomaji huo. Mtu asiyekuwa mzungumzaji angelifanya nini mbele ya mistari ile? Bila shaka angelikamilisha kila umbo lisiloeleweka kwa lile lililo karibu katika kamusi yake. Kuna mikusanyo mingine ya aina hii, kama vile hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Amsterdam na Fabian pamoja na Vincent de Rooij, na katika yote thamani ya data inategemea mambo mawili: kwamba umbo lililosemwa limeandikwa kama lilivyosemwa, na kwamba inajulikana lilisemwa wapi na lini.

Katika Likasi swali la lini lina uzito wa pekee. Mwaka 1992 na 1993 wakazi wengi wa Katanga wenye asili ya Kasai walifukuzwa, na Likasi ilikuwa miongoni mwa miji iliyoguswa sana. Maelfu ya watu walikaa katika kituo cha reli wakingoja treni. Mji ambao kwa miongo kadhaa uliwachanganya wasemaji wa Kiluba cha Kasai, Kibemba, Kisanga na lugha nyinginezo ndani ya Kiswahili kimoja ulipoteza kwa muda mfupi sehemu kubwa ya wazungumzaji wake. Kwa hiyo ukanda wa mwaka 1990 na ukanda wa mwaka 1994, hata ukiwa umerekodiwa katika mtaa mmoja, si vielelezo vya jumuiya moja. Faili mbili zikichanganywa hapo, kinachopotea hakiwezi kurudishwa kwa kusikiliza tena wasemaji, maana wengi wao hawapo.

Kutoka kusubiri hadi kutabiri

Ukamilishaji wa majina si jambo jipya. Mfumo wa kompyuta wa TENEX, uliotengenezwa na kampuni ya Bolt, Beranek and Newman huko Marekani, ulimwezesha mtumiaji kuandika mwanzo wa jina na kubonyeza kitufe cha Escape ili mashine imalizie. Kuanzia mwaka 1975 Ken Greer alianza kuandika sehemu kama hiyo kwa ajili ya mfumo wa Unix, na kazi yake ndiyo iliyozaa programu ya tcsh, ambayo herufi t katika jina lake inakumbusha TENEX. Baadaye kitufe kilichozoeleka kwa kazi hiyo kikawa Tab.

Jambo la kuangaliwa katika mtindo huu wa kale ni kwamba mashine husubiri. Mwandishi asipobonyeza Tab, hakuna kinachokamilishwa. Na anapobonyeza kitufe cha kuthibitisha, kile kinachoitwa Entrée katika kibodi za mpangilio wa Kifaransa zilizo za kawaida nchini Kongo, maana yake ni moja tu: hili nililoandika ndilo jina. Jina hilo likiwapo, faili hufunguliwa. Lisipokuwapo, faili mpya huanzishwa.

Zana za baadaye zilibadili mpango huo. Mojawapo ni Ido, iliyoandikwa na Kim F. Storm na kuingizwa ndani ya Emacs toleo la 22 mwaka 2007. Nyingine ni Ivy ya Oleh Krehel, Vertico ya Daniel Mendler, na Fido iliyoingia katika Emacs toleo la 27 mwaka 2020. Hizi hazisubiri Tab. Kila herufi inapoandikwa, orodha ya majina yanayolingana hupungua mbele ya macho, na jina moja huwekwa mwanzoni mwa orodha kama mteule. Hapo maana ya Entrée hugeuka. Haisemi tena kwamba nililoandika ndilo jina. Husema: chukua mteule.

Kwa mtu anayetaka kufungua faili iliyokwisha kuwapo, mabadiliko hayo ni neema, kwani herufi tatu zatosha badala ya ishirini. Ugumu ni kwa yule anayetaka kuanzisha faili mpya. Zana hujua majina yaliyopo tu. Jina ambalo bado halijakuwapo haliwezi kuwa katika orodha yake. Basi kadiri mkusanyo unavyokua, ndivyo uwezekano unavyoongezeka kwamba jina jipya litafanana na la zamani, na kwamba zana itampa mwandishi lile la zamani.

Mitego na njia za kuipita

Chukulia mtafiti mwenye folda ya nukuu za Likasi ambamo imo faili iitwayo kikula-soko. Anataka kuanzisha faili nyingine kwa maelezo ya jumla ya komini hiyo, aiite kikula, basi. Akiwa ndani ya Emacs yenye Ido, anabonyeza Ctrl na x, kisha Ctrl na f, anaandika kikula, anabonyeza Entrée. Kinachofunguka ni kikula-soko. Kama hakutazama, ataanza kuandika maelezo yake juu ya mazungumzo ya wauzaji. Njia ya kuupita mtego huu ni kubonyeza Ctrl na j badala ya Entrée: katika Ido maagizo hayo humaanisha kulipokea jina kama lilivyoandikwa, bila kumjali mteule. Zana nyingine zina njia hiyo hiyo kwa vitufe tofauti. Katika Ivy ni Ctrl na Alt pamoja na j. Katika Vertico ni Alt na Entrée. Katika Fido ni Alt na j. Inafaa mtumiaji wa kila zana kuijua njia hii moja kabla ya kujifunza nyingine yoyote, na inashangaza kidogo kwamba mafunzo mengi ya zana hizi huanza na kasi yake na kuliacha jambo hili mwisho.

Mtego wa pili unamhusu mwanaisimu kuliko mtu mwingine yeyote. Baadhi ya zana hukubali ulinganishaji legevu: herufi zilizoandikwa si lazima zifuatane katika jina, mradi zitokee kwa mpangilio ule ule. Fido hufanya hivyo bila kuambiwa. Ido hufanya hivyo ikiwashwa. Sasa mtu akumbuke sifa inayojulikana sana ya Kiswahili cha Katanga, kwamba kiambishi mu- hubaki na irabu yake mahali ambapo Kiswahili Sanifu kina m-: mutoto, muzuri, mukubwa, muntu. Mtafiti mwenye faili iitwayo mutoto, ambamo ameweka mifano ya umbo la Katanga, anataka kuanzisha faili iitwayo mtoto kwa mifano ya umbo sanifu. Herufi za mtoto zote zimo ndani ya mutoto, kwa mpangilio ule ule. Zana humpa mutoto. Ndivyo ilivyo kwa mzuri na muzuri, mkubwa na mukubwa, hata mtu na muntu, ambapo herufi mbili zinarukwa.

Kosa hili lina mwelekeo. Anayeandika mutoto hatapelekwa kwenye mtoto, kwa kuwa irabu u haimo katika jina lile. Katika kiambishi hiki, kwa hiyo, ni umbo sanifu linaloangukia ndani ya faili ya lahaja. Lakini Kiswahili cha Katanga pia hudondosha sauti h, na hapo mwelekeo unageuka: anayeandika apa au apana hupelekwa kwenye hapa na hapana. Tena hapo hauhitajiki hata ulinganishaji legevu, kwani apa imo nzima ndani ya hapa, na Ido katika hali yake ya kawaida hutafuta popote ndani ya jina, si mwanzoni tu. Viambishi vya wingi vinaokoka: batu haiwezi kuchanganywa na watu, wala bintu na vitu, kwa vile herufi za mwanzo hazipatani. Kwa maneno mengine, zana iliyotengenezwa na watu wasiojua Kiswahili kabisa inaunganisha baadhi ya tofauti za lahaja na kuziacha nyingine, na haifanyi hivyo kwa sababu yoyote ya kiisimu. Mwenye kufanya kazi ya kulinganisha maumbo anapaswa ama kuuzima ulinganishaji legevu ama kulizoea agizo la kupokea jina kama lilivyo.

Mtego wa tatu ni wa Ido peke yake, nao ndio unaowaudhi watu zaidi, kwa sababu hutokea hata pale jina lililoandikwa halifanani na lolote katika folda. Mtafiti yule yule jana alikuwa akifanya kazi katika folda ya Lubumbashi, ambamo imo faili sokoni.txt. Leo yuko katika folda ya Likasi, ambamo hamna faili ya jina hilo, naye anataka kuianzisha. Anaandika sokoni.txt, na kabla hajathibitisha anasita kidogo, labda amegeuka kuutazama ukanda. Ido, ikiona kwamba jina halimo katika folda iliyo wazi, husubiri saba ya kumi ya sekunde, kisha huenda yenyewe kulitafuta katika folda zilizotumika karibuni. Hulipata Lubumbashi na kuliweka mbele. Mtafiti akibonyeza Entrée, mazungumzo ya Likasi yanaandikwa katika faili ya Lubumbashi, na jina la faili linaonekana kuwa sahihi kabisa. Kosa la mtego wa kwanza huonekana kwa jicho likitazama jina; hili halionekani, kwa kuwa jina ni lile lile na kilichobadilika ni njia inayolitangulia.

Ziko namna tatu za kulikabili. Ya kwanza ni ya mara moja: Ido ikiwa imekwisha kurukia folda nyingine, Ctrl na z huirudisha ilikotoka. Ya pili ni kuikwepa Ido tangu mwanzo kwa kubonyeza Ctrl na f mara ya pili. Yaani Ctrl na x, Ctrl na f, kisha Ctrl na f tena. Hapo Emacs huacha zana na kurudia ufunguaji wake wa kale, ule unaosubiri Tab. Ya tatu ndiyo ya kudumu, nayo ni kuandika mstari huu katika faili ya matayarisho ya Emacs:

(setq ido-auto-merge-work-directories-length -1)

Thamani iliyo chini ya sifuri huuzima utafutaji wa kujiendea. Uwezo wenyewe haupotei: mtumiaji akiutaka, atauita kwa Alt na s. Kwa mtu ambaye folda zake zimegawanywa kwa miji, na ambaye katika kila mji amerekodi sokoni, kanisani na nyumbani, mstari huu mmoja una faida kuliko mapambo yote anayoweza kukiongezea kihariri chake.

Watumiaji wa vihariri vingine wana hali tofauti kidogo. Vim, iliyotolewa na Bram Moolenaar mwaka 1991, katika hali yake ya asili hushika mtindo wa kale: agizo la kufungua faili halikamilishi kitu bila Tab, na Ctrl na d huonyesha majina yanayolingana bila kuchagua hata moja. Visual Studio Code ina njia ya haraka kwa Ctrl na p, yenye ulinganishaji legevu, lakini njia hiyo hufungua faili zilizopo tu. Faili mpya huanzishwa kwa agizo lingine. Mgawanyo huo unaudhi mwanzoni, lakini unamlinda mtumiaji na mtego wa kwanza kwa kiasi kikubwa.

Mtego wa nne ni kinyume cha mitatu iliyotangulia: zana huikosa faili ambayo ipo. Majina ya Kifaransa yenye alama juu ya herufi, kama Élisabethville, yaweza kuandikwa ndani ya kompyuta kwa namna mbili. Ama herufi É ni alama moja nzima, ama ni E ikifuatwa na alama ya mkazo iliyo peke yake. Kwa macho hakuna tofauti. Mfumo wa faili uliotumika kwa miaka mingi katika kompyuta za Macintosh ulihifadhi majina kwa namna ya pili. Kibodi huandika kwa namna ya kwanza. Faili ikinakiliwa kutoka Macintosh kwenda katika kompyuta ya Linux, mtu anaweza kuandika Élisa na zana ikadai kwamba hakuna jina la namna hiyo. Naye, akiamini, ataanzisha faili ya pili yenye jina linaloonekana sawa na la kwanza hata kwa mwenye macho makali. Dawa ni kutotumia herufi zenye alama katika majina ya faili. Majina ya Kiswahili kwa bahati njema hayana haja nazo.

Kuthibitisha na kuokoa

Kuna ishara moja ambayo Emacs hutoa kila inapoanzisha faili isiyokuwapo: chini kabisa ya dirisha hutokea maneno New file ndani ya mabano. Mtu aliyekusudia kuanzisha faili mpya na asiyaone maneno hayo anapaswa kuondoa mikono yake kwenye kibodi. Hajaharibu kitu bado. Aifunge faili kwa Ctrl na x kisha k, aanze upya.

Ikiwa amekwisha kuandika na kuhifadhi, bado kuna nafasi. Emacs, inapohifadhi kwa mara ya kwanza faili iliyofunguliwa, huacha nakala ya hali ya zamani kwa jina lile lile lenye alama ya ~ mwishoni. Neno muhimu ni mara ya kwanza: uhifadhi unaofuata katika kikao kile kile hauigusi nakala hiyo, kwa hiyo mtu aliyehifadhi mara kumi bado ana hali ya asubuhi. Lakini akiifunga faili, akaifungua tena na kuhifadhi, nakala njema hufunikwa na ile iliyoharibika. Kwa hiyo baada ya kugundua kosa, la kwanza ni kuinakili faili yenye ~ mahali pengine.

Na hapa zana ya ukamilishaji huleta kikwazo chake cha mwisho. Kwa kawaida majina yanayoishia kwa ~ yamo katika orodha ya majina yanayopuuzwa, ili yasimsumbue mtumiaji kila siku. Anayeitafuta nakala yake kwa Ido haioni, na wapo wanaokata tamaa wakidhani haipo. Katika Ido, Ctrl na a huyafichua majina yaliyopuuzwa. Vinginevyo jina liandikwe lote hadi ~ na kupokewa kwa Ctrl na j. Katika kibodi za Kifaransa alama hiyo hupatikana kwa Alt Gr pamoja na kitufe kingine, na huenda isitokee hadi kitufe cha nafasi kibonyezwe. Ni taabu ndogo, ila si vyema kuigundua siku ya msiba.

Majina yasiyomezana

Mbali na vitufe, mitego miwili ya kwanza yaweza kuzuiwa kwa namna ya kutunga majina. Jina moja huwa mwanzo wa jingine, au hutawanyika ndani ya jingine, pale tu linapokuwa fupi kuliko hilo jingine. Majina yote yakiwa na idadi moja ya herufi, hakuna linaloweza kummeza mwenzake. Jina likiandikwa lote, ama linalingana na faili moja tu, ama halilingani na yoyote. Kwa nukuu za Likasi mpango ufuatao watosha: mwaka kwa tarakimu nne, mji kwa herufi mbili, komini kwa herufi tatu, na namba ya ukanda kwa tarakimu mbili. Ukanda wa tatu wa Kikula wa mwaka 1990 utaitwa 1990-lk-kik-03; ule wa Panda wa mwaka 1994, 1994-lk-pan-01. Tarakimu mbili ni lazima hata kwa namba ndogo, kwa maana 1 humezwa na 10, bali 01 haimezwi.

Kwa kuwa mji umo ndani ya jina, mtego wa tatu nao hupungua nguvu: Ido ikirukia folda ya Lubumbashi haitakuta humo jina lenye lk, isipokuwa kama kosa lilikwisha kufanyika zamani. Herufi lk zishikwe hata kwa kanda zilizobandikwa Jadotville. Lebo ya asili, iwe Jadotville au Likasi, Shaba au Katanga, iandikwe kama ilivyo katika mstari wa kwanza wa faili, kwa sababu nayo ni sehemu ya ushahidi. Mara nyingine ndiyo inayosaidia kukisia ukanda usio na tarehe ni wa miaka gani.

Zinabaki zile faili za maneno, mtoto na mutoto, ambazo kwa asili yake haziwezi kuwa na urefu mmoja. Hizi yafaa zipewe namba ya ingizo mbele, ama umbo sanifu na umbo la Katanga viwekwe katika faili moja, kila kimoja katika mstari wake, ukiwa na jina la nukuu ulikotoka. Mpango wa pili ni bora kwa mwenye nia ya kulinganisha, kwani maumbo mawili hukaa karibu bila kihariri kuachiwa nafasi ya kuamua ni lipi lililokusudiwa.